Nilivaa Sare na Asiye Wangu

Mliokuwa nami juma lililopita mliniacha Kongowea, kibandani kwa fundi Suleiman, simu mkononi na machozi yananilengalenga. Bonface alikuwa amenipigia kuniambia haji. Kapewa kazi ya ghafla ya kusindikiza malori mpaka Malaba, na tamasha letu lilikuwa Jumamosi hiyo hiyo.

Aliyeingia leo kwenye kisa hiki nisimtese. Mimi ni Dorcas, binti wa Mzee Ziro wa Kisauni, karani katika ghala la majani ya chai kule Changamwe. Bonface Kioko ni mpenzi wangu, mtu wa Mwingi, hupanga safari za malori katika yadi inayotazamana na ghala letu. Sisi wawili ni wagonjwa wa ugonjwa mmoja. Tunapenda katuni, na kila mwaka wapenzi wa katuni wanapokusanyika katika ukumbi mmoja huko Bamburi, huwa tunakwenda tumevaa kama wahusika.

Mwaka huu tulilitaka shindano la wawili. Wapenzi wanapanda jukwaani na mavazi yanayolingana, na washindi wanapelekwa kwenye tamasha kubwa la Nairobi.

Nawaambia bila kuficha, kuchagua vazi la wawili ni kazi ngumu kuliko kumchagua mtu wa kulivaa naye.

"Tuwe roboti," Bonface alisema. "Tunasaka makatoni, tunapiga rangi ya fedha, imeisha hiyo."

"Katoni na joto hili la Mombasa? Tutaiva mle ndani."

"Basi simba na mfugaji wake."

"Simba nani?"

"Wewe, msupa."

Nikamnunia juma zima. Tulipopatana nikataka tuwe nguva, mikia ya magamba mpaka chini. Akaniuliza haja ndogo tutakwendaje.

Aliyetutoa kwenye ugomvi ule ni Kadzo, rafiki yangu wa tangu utotoni. Alitukumbusha Kivuko cha Nyota, katuni inayochorwa na vijana wa Likoni, hadithi ya kivuko kinachovusha watu kutoka nyota hii hadi ile. Nahodha wake anaitwa Katoi na mhandisi wake ni Mbodze, mume na mke wanaogombana njia nzima. Wote wawili huvaa ovaroli ya buluu yenye kola, mabega na mikono ya kitenge cha samaki wa manjano.

"Hilo ndilo vazi," Kadzo alisema. "Kitambaa chepesi, mtakaa, mtakula, na chooni mtakwenda. Tena vazi la wawili ni lile ambalo mmoja akionekana peke yake, watu wanauliza mwenzake yuko wapi."

Yashikeni maneno hayo. Ndiyo yaliyonitia kitanzini.

Sasa rudini kibandani. Suleiman ameshamaliza kazi yake. Ovaroli yangu inaning'inia ukutani, na juu yake joho refu la kitenge kile kile, maana Mbodze wa katuni huvaa joho. Ya Bonface haipo.

"Aliichukua juzi," Suleiman akaniambia. "Alisema anataka kuizoea mwilini."

"Kaenda nayo Malaba?" akauliza Kadzo, niliyekuja naye. "Atasindikiza malori kavaa nyota?"

"Kadzo, usinichokoze."

"Mimi sichokozi, nashangaa tu. Lakini wewe ulie au utafute mtu? Shindano haliingiwi na mjane."

Suleiman akainua kipande cha kitenge kilichobaki, akakipima kwa macho. "Hiki hakimtoshi mwanamume. Labda nilikate hilo joho lako. Wallahi linaniuma, nimelishona kwa raha, lakini nikilikata unapata kola, mabega na mikono ya mtu mwingine. Ovaroli ya buluu ninayo, ya mteja aliyenikimbia."

"Likate," nikasema.

"Na mwanamume mwenyewe yuko wapi?"

Kadzo akanitazama kwa lile jicho lake. "Jirani yenu. Yule wa kinanda."

Jirani yetu wa kinanda ni Tinga. Hufanya kazi kwenye machimbo ya mawe Mwakirunge, na Jumapili hupiga kinanda kanisani kwetu. Ni mtu ambaye ukimuuliza saa, anakuomba radhi kwanza ndipo atazame saa. Tumekua ua kwa ua. Nikimwambia Tinga nishikie ndoo, atashika mpaka nirudi.

Nilimkuta kwao anamfulia mama yake mashuka. Mama Tinga alikuwa hajiwezi. Tangu mumewe alipozikwa alilala kitandani akageukia ukutani, na watu wa kanisa walikwenda kumwombea wakirudi wanatikisa vichwa.

Nikamweleza Tinga: shindano, jukwaa, katuni, ovaroli.

"Kitambaa kimoja?" akaniuliza.

"Kimoja. Si vazi la wawili?"

"Mimi na wewe."

"Kwa siku moja tu, Tinga. Nifae."

Akanyamaza kitambo kirefu, shuka inamdondokea maji miguuni. Kisha akasema, "Haya, Dorcas. Nitavaa."

Ningekuwa na akili ningemuuliza kwa nini amenyamaza. Lakini akili yangu yote ilikuwa Nairobi, kwenye lile jukwaa kubwa. Nilimchukua vipimo vya kumpelekea Suleiman, nikaenda zangu nikiimba.

Siku ya tamasha sitawachosha nayo. Ukumbi ulifurika majini, askari wa sayari, malkia wa barafu wanaotota jasho. Wale wa sponji na manyoya walikuwa wamelala sakafuni kufikia adhuhuri wanapepewa na jamaa zao. Sisi tulikuwa wakavu, tunatembea, tunakula viazi karai. Kila nilipotoka peke yangu kununua maji, watu waliniuliza, "Nahodha wako yuko wapi?" Nikajua tumeshinda kabla hatujapanda.

Jukwaani jaji akatuuliza swali ambalo sikulitarajia.

"Mmekuwa pamoja tangu lini?"

Nikawa natafuta uongo wa kusema. Tinga akaniwahi.

"Tangu tukiwa watoto," akasema kwenye kipaza sauti, na mkono wake ukaushika wangu. Ukumbi ukalipuka. Nikamtazama Tinga, yule Tinga anayetetemeka akisoma matangazo ya kanisa, na mkono wake ulikuwa mtulivu kabisa.

Tulishinda. Tukapigwa picha tukiwa tumeshikana mikono vile vile, samaki wa manjano mabegani mwake na mabegani mwangu. Nilimpigia Bonface nimpe habari. Simu yake ilikuwa imezimwa.

Jumapili nikaenda kanisani kama kawaida, nimechelewa kama kawaida. Nilipotia mguu mlangoni, akina mama wakapiga vigelegele.

Nikatabasamu. Nikadhani ni ule ushindi. Nikawapungia mkono, mimi mpumbavu, nikawapungia mkono kama mgombea ubunge. Mama yangu, Gladys, alikuwa safu ya mbele anajifuta machozi kwa leso. Mchungaji akaniambia kwa upole niende nikae na mama yangu, siyo kule nyuma na wasichana.

Hapo ndipo nilipojua si ushindi wanaoushangilia.

Ni lazima niwaeleze desturi ya kanisa letu. Kwetu uchumba hautangazwi kwa mdomo. Msichana na mvulana wakishaelewana, hununua kitambaa kimoja, wakashona, wakavaa siku moja mbele za watu. Hawasemi neno. Wakionekana ndani ya kitambaa kimoja, tangazo limetoka, na kinachofuata ni wazee wa mvulana kuja nyumbani. Zamani wazee wetu walikuja na tembo la mnazi. Sisi tuliookoka tunaletewa kreti ya soda.

Desturi hiyo naijua tangu nikiwa na meno ya utoto. Hata Bonface nilimweleza wakati fulani, tukiwa Changamwe tunakula mahamri chini ya kivuli cha lori. Alicheka mpaka chai ikampalia. "Yaani sisemi kitu? Navaa tu?" Nikamwambia, "Unavaa tu, unakuja na mzee wako na kreti yako." Akasema watu wa pwani tuna mambo.

Mtaniuliza, basi wewe Dorcas uliyekuwa ukimfunza mwenzio, ulisahau vipi? Sikusahau. Ni kwamba ovaroli ya nyota sikuwahi kuihesabu kuwa nguo. Kwangu lilikuwa vazi la kuigiza, sawa na mkia wa nguva. Lakini aliyeiona ile picha kwenye simu ya mama yangu, na kwenye kundi la WhatsApp la kanisa zima, hakuona nahodha wala mhandisi. Aliona binti wa Mzee Ziro na mtoto wa marehemu jirani ndani ya kitambaa kimoja, mikono imeshikana.

"Mama," nikamnong'oneza, "yale ni maigizo."

"Mwanangu, waigizaji nawajua. Walikuja hapa Krismasi wamevaa mashuka. Wewe ulivaa sare."

"Ni ovaroli, mama."

"Ya kitambaa gani?"

Nikageuza mazungumzo.

"Na Bonface?" nikasema. "Si unajua nina Bonface?"

"Namjua kwa jina. Kila Pasaka unaniambia atakuja, kila Krismasi unaniambia atakuja. Huyu Tinga yuko hapo ukutani, hata sukari ikiisha namwona." Akanipigapiga goti. "Usiogope, nilidhani utanizeekea nyumbani. Mungu ni mwema."

Ibada ilipokwisha nilimfuata Tinga kwenye kinanda.

"Waambie ni mchezo."

"Mchezo?" Uso wake ukabadilika, na sikujua kwa nini. "Dorcas, mama ameamka leo. Amejipikia uji mwenyewe, akanywa wote. Aliiona picha jana."

"Tinga."

"Nipe leo tu. Kesho nitamwambia polepole."

Ningesema nini? Mwanamke ambaye kanisa zima lilikuwa limeshaanza kumpangia nyimbo za mazishi amejipikia uji. Nikampa leo. Nikasema moyoni, kesho haiko mbali.

Kumbe wao walikuwa wanakuja leo hiyo hiyo.

Tulikuwa tumemaliza kula wali wa nazi, mama akaingia chumbani kwangu na ovaroli yangu mkononi, ameipiga pasi.

"Vaa."

"Ya nini?"

"Wageni wako barazani. Vaa, mwanangu, usituaibishe."

"Mama, sivai."

"Dorcas, baba yako amevaa koti."

Wasiomjua baba yangu hawataelewa. Mzee Ziro havai koti. Hakulivaa hata siku alipopewa ushemasi. Nikachungulia pazia nikamwona kakaa kwenye kiti cha mbao, koti limefungwa vifungo vyote, jasho linamtiririka, na uso wake una furaha ambayo sikuwa nimeiona miaka mingi. Nikavaa.

Barazani walikaa mzee Kiponda, ami yake Tinga, pamoja na wazee wawili wa ukoo wao. Tinga alikuwa pembeni ndani ya ovaroli yake, mabega ya samaki, magoti pamoja. Na katikati ya mkeka ilikaa kreti ya soda, imefunikwa leso mpya.

"Sisi hatukuja na maneno mengi," mzee Kiponda akasema. "Watoto wameshasema kwa nguo. Tumekuja kuitikia."

Baba akaitikia kwa kichwa. Kisha akanigeukia.

Desturi ina kipande kimoja zaidi. Soda hainywewi mpaka binti aulizwe. Akisema inywewe, anapewa kifungulio, anafungua ya kwanza kwa mkono wake, anampa baba yake. Baba akimeza, hakuna wa kuitapisha. Akisema isinywewe, wageni hubeba kreti yao wakaenda nayo mtaa mzima wakitazamwa, na nyumba hizo mbili haziombani tena chumvi.

"Dorcas."

"Abee, baba."

"Wageni wameleta soda. Tunywe au tusinywe?"

Nikasema, "Baba, naomba niseme kidogo na Tinga."

Wazee wakacheka, wakaona ni haya za mwari. Nikamvuta Tinga mpaka nyuma ya jiko.

"Ulijua," nikamwambia.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu uliposema kitambaa kimoja. Dorcas, ni nani wa kanisa letu asiyejua?" Alikuwa anaangalia viatu vyake. "Nilidhani na wewe unajua. Nilidhani unaniambia. Nikasema moyoni, Dorcas ana haya, amenipitishia kwa katuni."

Hasira niliyokuwa nayo ikakosa pa kukaa. Nilimkumbuka akiwa na ile shuka, maji yanamdondokea, anapokea jambo ambalo mimi sikuwa nimempa.

"Na asubuhi nilipokuambia ni mchezo?"

"Mama alikuwa ameshawaita wazee." Akainua macho kwa mara ya kwanza. "Ukitaka nirudi mle niwaambie ni mchezo, nitawaambia. Sitakulaumu. Wewe niamuru tu."

Hapo mlango wa mtego ulikuwa wazi. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimwambie nenda, sema. Wallahi ningesema.

"Mkwe wangu yuko wapi?"

Ilikuwa sauti ya Mama Tinga. Alikuwa amechelewa kufika kwa sababu ametembea mwenyewe, ameshika ukuta wa ua kutoka kwao mpaka kwetu. Amevaa gauni lake la harusini, limempwaya mabegani, na kilemba kipya. Mkono wake ulionishika ulikuwa mifupa mitupu, lakini ulishika.

"Mwanangu," akaniambia, "mimi nilikuwa nimeshajipanga niende zangu. Nguo za kuzikiwa nilishamwonyesha Tinga zilipo. Sasa nimeambiwa nina harusi, basi nimeahirisha."

Akacheka. Sijui ni lini mara ya mwisho alicheka. Tinga akageuza uso wake ukutani, na nikajua hataweza kusema. Nikajua na mimi sitaweza.

Mama Tinga hakuuachia mkono wangu. Aliniingiza nao barazani, akakaa mkekani, akanikalisha karibu yake. Upande huu kanishika yeye, upande ule mama yangu, na mbele baba kafunga koti.

"Naam, Dorcas," baba akasema. "Tunywe?"

Nikajiambia, sema tu. Ni soda, siyo sumu. Kesho Bonface atawasha simu, tutakaa, tutatafuta njia, Tinga mwenyewe atanisaidia. Nikajiambia hayo yote kwa kasi, na nikayaamini kwa sababu nilitaka kuyaamini.

"Nyweni, baba."

Vigelegele vya mama vilisikika barabarani. Nikapewa kifungulio. Nikafungua chupa ya kwanza, povu likanimwagikia vidoleni, nikampa baba yangu kwa mikono miwili. Baba akaiinua, akatazama juu, akameza. Koo lake nililiona likipanda na kushuka.

Mama Tinga alilia kimyakimya akiuminya mkono wangu. Tinga hakunitazama.

Na mimi nikakaa ndani ya ile ovaroli nikiona joto ambalo hata wale wa manyoya hawakuliona. Nguo nyepesi, tuliyoichagua kwa kubishana miezi mizima ili tusibanwe, ilikuwa inanibana kooni. Nilitamani nitoke nikapumue uani, lakini nilikuwa na chupa za kufungua, za ami, za wazee, moja baada ya nyingine, na kila mmoja akipokea ananiita mkwe.

Nilikuwa nainamia kreti niliposikia tuktuk imesimama nje.

"Hodi wenyewe!"

Sauti ile ningeijua hata ningekuwa nimezikwa.

"Karibu," mama akajibu, kwa furaha ya siku hiyo ambapo kila anayekuja ni mgeni wa heri.

Bonface akaingia. Alikuwa na ovaroli ya buluu, kola, mabega na mikono ya samaki wa manjano. Imempata sawasawa, kama Suleiman alivyokusudia. Nyuma yake alikuja mzee wa makamo mwenye kofia ya manyoya na fimbo, na nyuma ya mzee dereva wa tuktuk, amebeba kreti ya soda kifuani.

"Shikamoo, mzee," Bonface akamwambia baba yangu, na akainama mpaka magoti yakakaribia chini. "Mimi ndiye Bonface. Huyu ni baba yangu mdogo, nimemtoa Mwingi. Ametoka juzi akilalamika joto."

"Marahaba," baba akasema. Lilitoka lenyewe, kwa mazoea.

Bonface akanigeukia na lile tabasamu lake la meno yote. "Usikasirike, Dorcas. Malaba sikuenda. Huyu mzee hupatikana mara moja kwa mwaka, nikaona shindano litarudi lakini yeye harudi. Simu nilizima nisije nikaropoka nikaharibu. Si uliniambia nisiseme kitu? Navaa tu, nakuja na mzee na kreti?"

Nikabaki nimekishika kifungulio.

Macho yake yakazunguka baraza. Yakaona chupa mikononi mwa wazee. Yakamwona baba na koti lake. Nilitaka yaishie hapo, lakini yakaenda mpaka pembeni, yakamfikia Tinga, kola, mabega, mikono.

Bonface akacheka kwa furaha.

"Aisee. Kumbe Dorcas alishanusa nakuja. Hadi maboi wa hapa mmewavisha sare kunipokea." Akamwendea Tinga, akampa mkono. "Asante, ndugu yangu. Mmenifanyia heshima kubwa."

Tinga akaupokea ule mkono. Alisimama, akaupokea kwa mikono yake miwili. Mama Tinga aliwatazama wanaume wawili waliovaa kitambaa kimoja, kisha akanitazama mimi wa tatu. Vidole vyake vilikuwa bado vimeishika ovaroli yangu. Nikavisikia vinalegea, kimoja kimoja.

Yule mzee wa Mwingi, asiyejua lolote, alimwelekeza dereva aiweke kreti yao kando ya ile ya kwanza. Zikakaa mkekani sambamba. Akaketi, akashusha pumzi ya safari, akasema kwa Kiswahili chake cha bara kwamba kiu imemkamata kweli.

"Mmeanza bila sisi," Bonface akasema, bado anacheka, na akaninyooshea mkono nimpe kifungulio.

Sikukiachia. Sikujua hata kama vidole vyangu vinaweza kuachia kitu.

Baba alikuwa ameshika chupa yake, imebaki nusu. Akaitazama kreti ya kwanza. Akaitazama ya pili. Akafungua kifungo kimoja cha koti, polepole, kisha akafungua cha pili.

"Dorcas."

"Abee, baba."

"Na hii," akasema, "tunywe?"